Kwa Rehema, Juu ya Unga Tuliouchanganya

Garsen, Jumapili alasiri

Rehema mwanangu,

Mama yako amelifungua tena begi lako, lile lile alilolifunga mwenyewe asubuhi. Amekumbuka soksi. Mambo ya soksi, ya blanketi, ya dawa na ya kumpigia shangazi yako ukifika nimemwachia yeye, kwa sababu anayajua, na pia kwa sababu hataki kusaidiwa. Wewe umekwenda kuagana na wenzako wa kwaya. Mimi nimefunga hoteli mapema, nimewaambia wateja leo hakuna chai ya jioni, nimeifuta unga meza ile ya karibu na jiko, nikaweka karatasi. Nina maneno ambayo nikijaribu kukwambia kesho pale stendi nitaanza kukohoa. Na wewe unanijua, kile kikohozi changu si cha kifua.

Juma hili lote watu wamekuwa wakiniuliza, "Baba Rehema, mtoto anaenda kusomea nini?" Nikiwajibu kwamba anakwenda kusomea chakula, wanacheka. "Kwani kula kunasomewa?" Nami nacheka nao, nawaongeza chai. Lakini najua ulianza kukisomea zamani, humu humu jikoni, na katika darasa hilo mwanafunzi mgumu kuliko wote nilikuwa mimi. Nataka uijue habari hiyo yote kabla hujaondoka, maana kuna sehemu uliziona na kuna sehemu zilikuwa ndani yangu.

Nilizaliwa Ngao, kule bondeni mwa mto, hilo unalijua. Nilipokuwa mtoto wa shule ya msingi mto ulifurika wakati mahindi yameanza tu kubeba. Maji yalikaa bondeni mpaka kila kitu kikaoza, mahindi na mpunga, na harufu yake ikaingia hadi kwenye nguo zetu. Nyanya yako alikuwa na makopa aliyoyaweka darini jikoni, vile vipande vya muhogo vilivyokaushwa vikawa vigumu kama mbao. Akayatwanga, akayachekecha, akachanganya na unga kidogo wa ngano aliopewa na jirani, akatuokea mikate juu ya chuma. Ilikuwa ya kijivu, mizito. Ilishibisha, mwanangu. Ukila kipande asubuhi unafika mchana bila kulikumbuka tumbo.

Nikabeba wangu shuleni. Wavulana wakaninyang'anya, wakaugonga ukutani waone kama utavunjika ukuta au utavunjika mkate. "Komora anakula tofali!" Darasa zima likacheka, hata rafiki yangu tuliyekuwa tukikaa dawati moja. Tangu siku hiyo nikawa nakula nyuma ya tangi la maji, mgongo nimewapa wenzangu. Baadaye nikaacha kabisa kubeba. Nilimwambia mama nashiba nyumbani. Alinitazama, na mwaka ule nilikonda mpaka kaptura ikawa inafungwa kwa kamba.

Ndipo nikaapa, kwa kiapo cha mtoto, kwamba nikiwa mtu mzima unga wa nyumbani kwangu utakuwa mweupe.

Nilipokuja Garsen nilianza kwa kuosha vyombo katika hoteli ya mzee mmoja Mswahili wa Kipini. Yeye ndiye aliyenifunza chapati. Nikiukanda unga kwa hasira alikuwa akinishika mkono. "Wewe kijana, wapigana na nani? Chapati haipigwi, hubembelezwa." Nilibembeleza miaka mingi. Nilipofungua hoteli yangu mwenyewe, chapati zangu zilikuwa nyeupe, laini, zenye madoa madogo ya dhahabu, unaweza kuzikunja mara nne zisipasuke. Madereva wa malori waliokuwa wakienda Hola na Garissa walisimama kwa ajili ya zile chapati. Nilijivuna. Nakwambia ukweli, nilijivuna kuliko mtu aliyejenga ghorofa.

Halafu unga wa ngano ukaanza kupanda bei, ukipanda haushuki, na mama yako akaniambia, "Baba Rehema, kwa nini tusichanganye? Muhogo wa Ngao unaozea ardhini. Kopo moja la muhogo kwa matatu ya ngano, nani atajua?"

"Atajua kila mtu," nikamjibu. "Hapa ni hoteli, Esta, si kambi ya njaa."

"Njaa ikija haiulizi kambi iko wapi."

Nikatoka nje nikajifanya nakwenda kuangalia kuni. Mama yako akanyamaza, na wewe umeishi naye, unajua kwamba kunyamaza kwake si kukubali. Aliendelea kuanika muhogo juu ya mabati kwa matumizi ya nyumbani, na mimi nikaendelea kuupita kama siuoni. Rehema, leo naweza kukwambia kwamba sikumkatalia kwa hesabu wala kwa ladha. Nilimkatalia kwa sababu ya kicheko cha wavulana ambao wengi wao hata sijui waliishia wapi.

Kisha ikaja mvua ile, wewe ukiwa kidato cha pili, uko nyumbani kwa likizo. Unaikumbuka, lakini ulikuwa mtoto bado, uliona maji; mimi niliona barabara. Ya Malindi ilikatika, na kabla hatujasema angalau kuna ya Hola, nayo ikaingia chini ya maji. Garsen ikawa kisiwa. Watu wa vijiji vya mtoni wakapanda huku na kuku wao na masufuria yao, madarasa ya shule yakajaa. Lori la unga lilikuwa ng'ambo ya maji, dereva ananipigia simu ananiambia analiona lile eneo la daraja kwa macho lakini hawezi kusogea.

Nyanya yako alikuja kwa mtumbwi kutoka Ngao. Nilikwenda kumpokea ukingoni mwa maji, nikamkuta amekalia gunia, analishikilia kwa mikono miwili kama mtu anayeshika mtoto asianguke.

"Mama, godoro liko wapi?"

"Limeachwa."

"Nguo je?"

"Nilizovaa."

"Sasa umebeba nini?"

"Makopa," akasema. "Godoro halipikwi."

Nilimbebea lile gunia mpaka nyumbani. Nilikuwa nimekasirika, na nilikuwa naogopa, na sikujua hasira ni ya nini.

Mwanzoni niliendelea kupika kama kawaida. Nilikuwa na mifuko ya ngano iliyobaki stoo, nikasema itanifikisha mpaka barabara ifunguke. Asubuhi moja akaja Mama Guyo, yule Muorma anayetuletea maziwa. Boma lao lilikuwa limezama, mbuzi wao wengi walikwenda na maji, wakabaki na ng'ombe wachache waliowahi kuwapandisha huku juu. Unajua kwamba kuna miaka watu wetu, Wapokomo, na watu wao waliangaliana vibaya katika mji huu. Yeye na sisi hatukuwahi kuacha kusalimiana, lakini pia hatukuwahi kwenda zaidi ya maziwa na chenji. Siku hiyo alisimama mlangoni na dumu limejaa.

"Baba Rehema, maziwa iko. Gari ya Malindi hakuna. Wewe chukua maziwa, mimi nipe chapati. Watoto iko mingi."

"Watoto wako wangapi, Mama Guyo?"

Aligeuka akaonyesha shule kwa mkono, yale madarasa yote, ya Waorma na ya Wapokomo.

Nikaingia stoo. Nikaitazama ile mifuko. Hata ningekuwa mtu asiyejua kuhesabu ningeona kwamba haitoshi. Nikiwa bado nimesimama mle ndani nikasikia kinu kinatwanga nyuma ya nyumba. Nyanya yako hakuningoja nimwambie, wala hakuniomba ruhusa.

Chapati za kwanza tulizochanganya nilizipika mimi, kwa ukaidi. Nilitia muhogo sawa kwa sawa na ngano, nikakanda kwa maji baridi kama nilivyozoea, nikasukuma. Zikapasuka kama matope ya bondeni wakati wa kiangazi. Nilipojaribu kugeuza ya kwanza ikaanguka vipande vipande juu ya makaa. Ya pili vivyo hivyo. Mama yako alikuwa ameziba mdomo kwa leso, mabega yanamtikisika. Nyanya yako yeye hakuziba kitu, alicheka waziwazi na meno yake machache. Wewe peke yako hukucheka. Uliokota kipande, ukakivunja, ukakitazama ndani, ukauliza, "Baba, kwa nini ngano inavutika na huu hauvutiki?"

Nilikuwa nimekanda ngano karibu maisha yangu yote na sikuwahi kujiuliza kwa nini inavutika.

Nyanya akasema maji yawe ya moto, unga wa muhogo uive kidogo kwanza ndipo uingizwe kwenye ngano. Mama yako akaponda boga lililochemshwa akalitia. Wewe ukasema tupunguze muhogo, tuanze na kopo moja kwa matatu, kama alivyosema mama zamani. Ukanitazama uliposema hivyo. Kumbe siku ile ulikuwa unasikiliza. Tukaufunika unga ukapumzika, nikasukuma tena, nikatia kwenye kikaango, nikangoja. Ikakaa. Nilipoigeuza ikageuka nzima, ikafika sahanini bila ufa.

Na ngano ilipozidi kupungua, na muhogo ukawa mwingi kuliko ngano, ukafika wakati hakuna chapati ya kusukuma inayoweza kushikana. Hapo ndipo maziwa ya Mama Guyo yalipofanya kazi. Tukakoroga uji mzito, tukamimina kwenye kikaango, chapati za maji, tukazipika mpaka mikono yangu ikaungua vidoleni. Mama Guyo alikaa na nyanya yako wakimenya maboga. Mmoja akisema Kipokomo na mwingine Kiorma, katikati Kiswahili kidogo, na walielewana vizuri kuliko mimi na dereva wangu wa unga.

Kuna siku moja katika zile ambayo hukuwapo, ulikuwa umepelekwa kuchota maji. Makopa yalikuwa yamekwisha. Jamaa mmoja akatuletea gunia la muhogo mbichi, alikuwa ameung'oa haraka kwenye shamba lililokuwa linazama. Nilifurahi mpaka nikamkumbatia. Nyanya yako akakata kipande, akakigusa kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Mchungu huu," akasema. "Unataka kulowekwa na kuanikwa. Leo haupikwi."

"Mama, watoto wako kwenye foleni."

"Wapo, nawaona."

"Nitauchemsha sana. Moto utauondoa uchungu."

Akanyanyuka, akaja akakaa juu ya lile gunia, mwili wake wote. Akaniambia kwa sauti ya chini, si ya ugomvi, "Komora, mtoto akilala na njaa leo, kesho utamwamsha. Akila huu, hujui kama utamwamsha."

Nilimfokea mama yangu mbele ya watu. Nilimwambia ashuke. Hakushuka. Jioni ile watoto walikunywa maziwa na boga, basi. Nilipita madarasani nikawasikia wadogo wanalia, na kila kilio nilikihesabu kuwa kosa la nyanya yako. Muhogo ule ulilowekwa, ukaanikwa kila jua lilipochomoza, na ulipokuwa tayari ukaliwa na hakuna aliyeumwa hata tumbo. Baadaye ndipo nilipojua kwamba muhogo mchungu una sumu, na jinsi nilivyokuwa karibu kuwalisha watoto. Nilikuwa mtu mwenye nia njema na haraka, Rehema, na mimi naziogopa sasa nia njema zenye haraka. Siku moja utakuwa mahali ambapo watu watakwambia wako kwenye foleni, na watakuwa kweli wako kwenye foleni. Nenda ukakae juu ya gunia.

Nilimwomba nyanya yako msamaha. Akasema, "Nilikuwa nimechoka kusimama tu."

Sasa nikwambie jambo ambalo nadhani wewe umelisahau kabisa. Ulikuwa unagawa chapati mlangoni mwa darasa. Mvulana mmoja mkubwa, mtoto wa watu wa mjini ambao hata hawakuhamishwa na maji, alikuja na wenzake kuangalia. Akaichukua chapati, akaishika juu kila mtu aone ile rangi. "Hii ni ya nini? Ya udongo?" Wenzake wakacheka. Mimi nilikuwa nyuma yako na karai. Unajua nilikuwa na miaka mingapi? Nilikuwa na miaka kumi. Nilikuwa nyuma ya tangi la maji. Nikataka kuondoka na karai langu.

Wewe ukamwambia, "Ni ya muhogo. Muhogo, ngano kidogo, boga na maziwa. Onja."

Akaonja, labda kwa sababu hukukasirika.

"Nikuongeze?" ukamwuliza.

Akasema ndiyo.

Ikawa imeisha. Wewe ukaendelea kugawa. Mimi niliweka karai chini nikaenda nyuma ya darasa nikakaa kidogo nikifuta macho, mama yako akadhani ni moshi. Mwanangu, jambo nililolibeba tangu utotoni wewe ulilitatua kwa kusema tu kilichomo ndani ya chakula. Sijawahi kukushukuru. Nakushukuru sasa.

Ningependa kukwambia kwamba tangu hapo nikawa mtu mwingine. Haikuwa hivyo. Barabara ilipofunguka na lori la kwanza likaingia, mimi nilikuwa wa kwanza kupakua ngano, na juma lile lote nikapika chapati nyeupe kama mtu aliyetoka jela. Wateja walifurahi. Mama Guyo alipoleta maziwa akaiangalia sahani akauliza, "Ile ingine iko wapi?" Nikamwambia ile ilikuwa ya mafuriko. Akasema, "Mafuriko nakuja tena." Akachukua dumu lake akaenda.

Yeye na wewe ndio mlionirudisha. Kila likizo ulikuja na jipya. Ulikausha ndizi mbichi, unga ukatoka mweusi kama masizi, hukulia, ukakata nyingine ukazitia kwenye maji ya ndimu. Ulijaribu mtama, mandazi yakanywa mafuta yote ya wiki. Ulijaribu viazi vitamu, na hivyo wateja waliviomba wenyewe. Na mimi nikaharibu yangu: niliufunga unga wa muhogo kabla haujakauka vizuri, ukaota ukungu, gunia zima, jasho la mama yako, nikaenda kulifukia peke yangu kwa aibu. Hakunigombeza. Alinionyesha tena jinsi ya kuvunja kopa na kusikiliza mlio wake. Kavu hulia *ta*. Bichi halisemi kitu.

Leo tunauza chapati za aina mbili na bango la mlangoni linasema wazi kilichomo. Wapo wanaotaka nyeupe, nawapa nyeupe, siwahubirii. Huenda nao walikuwa na tangi lao la maji. Usije ukamdharau mtu kwa kutaka kitu laini, wala usiifanye ngano adui. Ina kazi yake ambayo muhogo hauiwezi. Nilichojifunza mimi ni kwamba tulikuwa tumeweka shibe yetu yote juu ya barabara moja, na ardhi iliyo nyuma ya nyumba zetu tunaiona ya aibu. Huko chuoni watakufundisha kwa maneno makubwa zaidi. Ukiyaelewa, njoo unieleze polepole.

Na wakikuonyesha kwamba tulikosea, kubali. Tulikosea mengi. Nyanya yako mwenyewe anasema bado hajui kwa nini maji ya moto yanasaidia, anajua tu kwamba yanasaidia. Anataka ukaulize. Amenituma nikukumbushe, na mimi sitaki kugombana naye tena, kwa hiyo ukaulize.

Nasikia sauti zenu za kwaya zinakuja barabarani, basi nimalize kabla hujaingia ukanikuta hivi.

Nimetazama kwenye ramani ya simu huko unakokwenda. Ni bara, juu, kwenye baridi, na wanasema kuna mashamba ya ngano pande zote za barabara. Rehema, unajua mimi sijawahi kuiona ngano ikiwa shambani? Nimeikanda, nimeisukuma, nimeichoma, imenilisha na kukulipia karo, imenikaa kwenye kucha na kwenye nyusi, lakini sikuwahi kuiona ikisimama kwa miguu yake. Kwangu mimi huzaliwa ndani ya mfuko. Ukilifikia shamba la kwanza, usilipite tu. Simama. Ishike kidogo mkononi, uitazame vizuri, hata wenzako wakikushangaa. Kisha unipigie, mchana ama usiku, uniambie inafika kimo gani, na ikiwa bado mbichi ina rangi gani, na upepo ukipita ndani yake inatoa sauti gani.

Mungu akutangulie kila unapokanyaga, akurudishe ukiwa na maswali mengi zaidi.

Mimi baba yako,
Komora